Mbio Zangu Baada ya Kudaka

Ndugu zangu, mucheke tu, ila musiniulize kama bega linauma.

Binamu yangu Musafiri alihamia Amerika wakati wa vita. Juzi amerudi Kindu kutusalimia, na kwenye simu yake akatuonyesha mpira wa kule: mmoja anarusha kwa mkono, mwenzake anadaka na kukimbia nao. Tukamjazia maswali juu ya ule mchezo. Sifa ni ya nani hasa?

"Ya mwenye kurusha," Musafiri akasema. "Yeye njo anaona uwanja wote."

Mimi, kipa wa zamani wa mtaa huu, nikajiona profesa. "Hapana, ndugu! Kurusha hata mutoto anarusha. Mukubwa njo ule mwenye kudaka. Akisha kudaka, miguu njo kazi!"

Nilibisha mpaka mate yakaruka. Mke wangu akauliza swali moja tu: "Na wewe unaweza?"

Tukatoka wote barabarani. Musafiri akachukua papai bichi, akalirusha. Lilikuja likizunguka, zuri ajabu. Hapo mwili wangu ukakumbuka kazi yake ya zamani: nikaruka, nikadaka, nikalikumbatia kifuani, nikaanguka nalo mavumbini, macho nimefumba, nikingoja makofi.

Makofi hayakuja.

Nikafumbua jicho moja. Mbele yangu barabara ilikuwa wazi mpaka kwenye reli, hakuna hata mbuzi wa kunizuia.

"Baba Zaina," mke wangu akaniuliza kwa upole, "ile miguu itaanza kazi saa ngapi?"