Nilimtafutia binti yangu transfer kutoka Reaction Center

Wakuu, habari za huko mliko. Leo najianika mwenyewe kabla majirani wa Mitunguu hawajanianika. Nikiongeza chumvi, ndizi zangu ziozee kwa lori.

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini ukifika Mitunguu uliza mzee wa ndizi. Hata mbuzi atakuonyesha gate yangu. Nilianza kwa kubeba mikungu na mgongo, leo niko na lori, stoo na nyumba ya vigae vyekundu.

Nataja hiyo mapema mjue kichwa kilikuwa kikubwa kiasi gani kabla hakijapasuka.

Binti yangu Kendi anasoma masters, mambo ya bakteria. Kila Jumapili ananipigia. Mimi naweka simu spika juu ya boneti, naendelea kupakia ndizi. Naskia "reaction center", naskia "electron transfer". Nasema, "Sawa sawa mami, endelea tu."

Sasa huku kwetu senta ni senta. Kiritiri ni senta, Manyatta ni senta, mahali pa maduka na buchari. Na transfer ni ile ya walimu.

Nikaelewa hivi: mtoto ametupwa mbali, senta inaitwa Reaction, na anataka transfer arudi karibu.

Nilitangaza kanisani. Nikatangaza kwa kinyozi. Nikaenda mpaka ofisi moja ya serikali kujaza form. Karani akauliza, "Mzee, Reaction iko sub-county gani?"

Nikamwambia, "Andika tu, mtaipata."

Halafu wakwe, wazazi wa kijana anayetaka kumwoa Kendi, wakatuma ujumbe wanakuja ruracio, yaani kuongea mahari, kutoka Manyatta kule Embu.

Nyuma ya stoo yangu kulikuwa na shimo la kutupa migomba iliyooza. Maji yake kijani kama avocado, harufu ya mayai viza. Kendi alikuwa ameniambia kwa simu, "Baba, fanya yote, lakini hilo shimo usiguse."

Nikasema sawa sawa mami. Nikalimwagia murram, ule udongo mwekundu wa barabara, trela mbili. Parking safi. Wakwe wangu wanuse mayai viza kwangu mimi?

Siku ikafika. Nikasimama na suti, nikakohoa. "Binti yangu ni mtu mkubwa huko Reaction Center, na transfer yake iko njiani!"

Mama ya kijana, Mwalimu Wanja, amestaafu baada ya kufundisha biology maisha yake yote. Akauliza kwa heshima, "Baba Kendi, hiyo senta iko upande gani?"

"Ukipita Thika, mkono wa kushoto."

Hakuna mtu alicheka, wakuu. Hiyo ndiyo mbaya.

Kendi akatoka ndani ya nyumba, leso mabegani. Tangu afike asubuhi walikuwa wanampamba. "Baba, iko hapo nyuma ya stoo. Iko ndani ya hao bakteria wa shimo." Akageuka kuonyesha kwa kidole, akaona magari yamepangwa juu ya murram.

"Ulifukia?"

Nikaanza kumweleza habari ya parking.

"Wale wa maabara walinifia. Nilikuja kuchukua chupa moja ya kumalizia masomo. Miaka miwili nakueleza kila Jumapili, baba. Ulikuwa unaskia nini?"

Acha niwaeleze, maana sasa najua. Hao bakteria wanaishi kwa maji yanayonuka, hawataki oksijeni, na mwanga kidogo tu unawatosha. Ndani yao kuna vituo vidogo, ndiyo hizo reaction center. Mwanga ukifika hapo unarusha electron, inapokewa na huyu, anampa yule, mkono kwa mkono. Ile nafasi iliyoachwa inajazwa na electron nyingine, inatoka kwa hiyo gesi ya mayai viza.

Mkono kwa mkono, wakuu! Kama mikungu kutoka shambani hadi kwa lori. Kitu pekee ninachojua duniani, na sikuwa nimeskiza.

Nikavua koti, nikavua viatu, nikachukua jembe. Wakwe wakasogeza magari.

"Mkwe," baba ya kijana akaniita, "ukizama huko, ruracio tutaongea na nani?" Lakini naye akakunja suruali akashuka.

Tulichimba mpaka kona moja, chini ya gogo la mgomba, murram haikuwa imefika. Maji yalikuwa bado kijani. Kendi akajaza chupa mpaka mdomo, hewa isiingie, akafunga.

Akaniangalia na matope yangu. "Electron inatoka wapi, baba?"

"Kwa harufu."

Mwalimu Wanja akapiga makofi. "Transfer imekubaliwa!"

Hapo sasa wakacheka, mpaka mimi. Lakini Kendi alisema hajui kama wako hai, tungoje.

Wiki kadhaa baadaye, Jumapili, simu ikalia. Nilizima lori. Nikakaa chini juu ya mkungu.

"Baba, chupa imezidi kuwa kijani. Wanaongezeka."

Nikaanza, "Sawa sawa ma..." Nikajishika. "Ngoja. Anza mwanzo, polepole."

Funzo langu: bakteria anapata mwanga kidogo na anautumia wote. Mimi niliwashiwa taa miaka miwili nikaimwagia murram.

Haya, nichekeni, nimekubali. Lakini useme pia wewe ni nani uliwahi kumwambia sawa sawa bila kuskia. Na kama yule karani yuko humu, tafadhali aache kutafuta Reaction.