Sekunde Kumi na Saba za Sauti ya Marehemu

Admin, naomba ufiche jina langu na usitaje mtaa, maana Tunduma tunajuana. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, elimu yangu ni kidato cha nne. Mimi na mume wangu tuna kibanda karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Tunaingiza nyimbo kwenye memori kadi na kuhamisha kaseti za zamani kwenye CD. Kazi ikipungua, tunatengeneza muziki wetu wenyewe kwa kompyuta, sisi wawili tu. Yeye anapanga ngoma na besi, mimi natafuta sauti za kuchanganya humo. Si muziki wa kucheza, ni wa taratibu, wa kupumzisha kichwa. Nina desturi ya kuandika daftari kila siku, kwa hiyo haya siyabahatishi.

Tarehe 12 Machi alikuja mama mmoja mkulima wa huku Momba. Nitamwita Mama Esta, ingawa si jina lake. Alifungua pindo la kitenge akatoa kaseti. Binti yake aliolewa Kitwe, Zambia, na kwa kuwa mama hajui kusoma, binti alikuwa akimtumia barua za kusema: anaongea kwenye kaseti, anampa dereva alete. Hiyo ilikuwa ya mwisho, ya miaka kumi na minne iliyopita. Miezi miwili baadaye binti alifariki akijifungua mtoto wa kike.

"Mwanangu, redio yangu imeshakufa," aliniambia. "Sitaki na hii inifie. Nihamishie kwenye CD, mjukuu wangu amsikie mama yake."

Niliandika jina lake, nikabandika karatasi kwenye kaseti, nikamwambia aje baada ya wiki.

Jioni ile niliisikiliza. Binti anasalimia nyumba nzima, mmoja mmoja. Katikati mvua inaanza kupiga bati, sauti yake inamezwa. Anacheka, na badala ya kuzima redio anayojirekodia anaanza kuvumisha wimbo kwa mdomo uliofumbwa, akingoja mvua ipite. Ndugu zangu, sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Nilimwita mume wangu. Alisikiliza akasema, "Huo ndio wimbo wetu."

Utaratibu wangu ni kuhamisha kanda nzima kwanza, ndipo nifanye mengine. Siku hiyo sikuufuata. Nilirekodi sekunde kumi na saba za mvua na ule mvumo, kisha nikawa narudisha nyuma na kupeleka mbele nikitafuta kipande kingine kirefu zaidi. Nilirudia labda mara arobaini. Deki ya kuchezea kaseti ikaimeza kanda. Tuliivuta kanda, ikakatika, na iliyobaki ilikuwa imekunjamana kama utumbo wa kuku. Tuliunga kwa gundi ya karatasi. Ikatoa mkwaruzo tu.

"Lakini ulikuwa umeshahamisha yote?" mume wangu aliuliza.

"Nilianza na mvua."

Hakunigombeza. Alikaa chini. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Mama Esta aliporudi nilimwambia kaseti ipo kwa fundi Mbeya. Akarudi tena, nikasema fundi anaumwa. Kila akija haji mikono mitupu: mara maharage, mara ulezi. Mimi napokea, nasema asante mama.

Wakati huohuo tulimaliza wimbo. Sauti ya binti tuliipunguza mwendo ikawa nzito, ya mbali, chini yake besi na mvua. Madereva wameupenda kupita tulivyotarajia. "Sista, nitilie ule wa mvua," wananiambia, "foleni ya leo ni ya kulala." Sasa nausikia kwenye malori, saluni, hata kwa wauza chipsi.

Mwezi uliopita Mama Esta alikuwa amekaa kwenye benchi letu akinisubiri nimhudumie dereva mmoja. Yule dereva akataka kuusikia kwanza, na kabla sijasema neno mume wangu akaubonyeza. Mama alisikiliza wote, ameegemeza kichwa ukutani. Ulipoisha akaniuliza, "Huyo mama anayeimba ni mtu mzima, eh? Sauti yake imechoka. Mungu amsaidie."

Mtoto wake mwenyewe. Hakumjua, kwa jinsi tulivyomfanya.

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia. Nilipotulia nilirudisha zile sekunde kwenye mwendo wake wa kawaida, na akawa msichana tena, mwepesi, karibu anacheka.

Jumatatu Mama Esta alinipa habari. Mjukuu ameletwa kutoka Zambia, ana miaka kumi na minne, na Jumamosi ukoo unakutana kujengea kaburi la mama yake, aliyeletwa kuzikwa huku kwao. Wanataka CD ichezwe pale, mbele ya watu wote.

Nilimwambia mume wangu kwamba naenda kusema kila kitu. Akanijibu, "Mke wangu, ukisema tuliichezea, nani ataleta tena kaseti hapa? Mpelekee hizo sekunde. Sema mashine ilikula kanda, hizi ndizo tulizoziokoa. Uongo uko wapi hapo?"

Nimelala nikilifikiria hilo siku tatu. Ni kweli mashine ilikula kanda. Ni kweli hizi ndizo zilizobaki. Lakini namjua Mama Esta. Nikisema hivyo atapiga magoti anishukuru mbele ya ukoo wake, na yule mjukuu atanipa mkono, kwamba mimi ndiye niliyemwokolea sauti ya mama yake. Na nikisema ukweli wote, siku ya kaburi inageuka kuwa siku ya mtoto wake kumfia upya, pengine kwa ajili ya kuutua mzigo wangu tu.

CD iko tayari, nimeiandika jina. Hasa ninyi mliozika mtoto, au mliokua bila kuijua sauti ya mama: mngetaka niwaambie nini Jumamosi? Nisaidieni, nipo nasoma kila jibu.