Sponji Niliyoichagua kwa Ngoma ya Mwali

Mbao za laminati za sakafu ya sebuleni kwangu nilizipanga mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nne. Binti yetu alikuwa amevunja ungo na alikaribia kuchezwa mwali humo ndani, na mke wangu alitaka chini ya mbao tutandike sponji nene.

"Iwe laini kama godoro."

Nikamwambia sponji nene hubonyea, viungo vya mbao vikaachia. Nikatandika nailoni ya kuzuia unyevu wa huku kwetu mlimani, juu yake sponji nyembamba, ngumu. Akanuna.

"Mbao zikiachia mbele ya wageni, utajua mwenyewe!"

Siku ya ngoma, shangazi za mke wangu waliotoka Kinole waliruka mpaka vikombe vikalia kabatini. Hakuna kiungo kilichoachia! Mama mkwe akagonga kisigino sakafuni.

"Mkwe, hizi mbao au mwamba?"

Mke wangu akacheka, akanivuta katikati nicheze.