Mkono Uliotoka Chini ya Meza

Consing ni jirani yangu hapa mtaani Sampaloc mwaka wa thelathini na nne sasa, na miaka karibu yote hiyo nilimwona mwongo. Naandika haya mwenyewe, ingawa shule niliiacha darasa la pili. Nikimwachia mwingine ataandika vizuri halafu atakosea.

Kabla hajahamia kwetu alikuwa mpishi wa Amparo Lisondra, yule mcheza filamu aliyekuwa na kipindi cha mapishi kwenye televisheni kila Jumapili mchana. Amparo alijua kucheka na kulia, kitunguu hakukijua. Consing alituambia kwamba mpishi alikuwa yeye, amechuchumaa chini ya meza, kavaa gauni la rangi ileile ya Amparo na pete ya kuazimwa. Picha ikishuka kwenye sufuria, Amparo anaficha mikono nyuma, Consing anatoa yake.

"Na siku ya adobo je, ile nyama ya siki?" Kulas mwenye duka alikuwa akimchokoza.

"Alimwaga siki juu ya nyama, akashika mwiko akaanza kukoroga. Siki haikorogwi kabla haijachemka! Nikamkamata mkono."

"Mbele ya nchi nzima?"

"Nchi nzima ingekula siki mbichi, wewe ungefurahi?"

"Jamani, Amparo ana mikono mitatu! Ndiyo maana waume hawakuwa wakimtoka."

Tulicheka, na mimi nikiwa wa kwanza. Consing alifukuzwa kazi siku ileile ya adobo, na sisi televisheni hatukuwa nayo, nani angeshuhudia? Hata binti yake, Nenita, hakumwamini. Alipokuwa mdogo aliisimulia habari hiyo shuleni, wakamzomea, akarudi akilia: "Mama, usiniambie tena uongo huo." Consing hakumwambia tena. Nenita akakua, akaenda Milano kulea wazee wa watu, na neno lile likabaki baina yao. Consing alitaka jambo moja tu: mwanawe ajue kwamba mama yake si mwongo.

Mwaka jana watu wa televisheni wakaanza kurudia vipindi vya zamani. Wakatangaza Jumapili ni adobo. Consing alinunua nyama ya nguruwe, akaalika nyumba sita, akampigia na Nenita simu.

"Jumapili niko kazini, mama," akajibiwa.

Nilikwenda mimi peke yangu. Kulas alikuwa na jogoo wake wa kupiganisha, wengine kila mtu na udhuru wake. Wala mimi sikwenda kwa imani, nilifuata nyama. Nikakuta sahani saba mezani.

Amparo akatokea kwenye televisheni, akacheka, akamwaga siki, akashika mwiko. Mara mkono ukachomoza chini ya meza, una pete, ukamshika Amparo kifundo cha mkono. Wakakata picha, wakaweka tangazo la sabuni.

Lakini nilikuwa nimekiona kidole cha mwisho, kimepinda kwa nje kama ndoana. Nikatazama mikono ya Consing mapajani mwake. Vidole vingine vimevimba kwa uzee. Kile kimepinda vilevile.

"Adobo yako imekolea," nikasema. Miaka yote hiyo ya kucheka, mdomo ukawa mzito.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umeona nini, Bening?"

"Mkono wako, shoga. Kidole chako hicho."

Nilidhani atanisuta, na ingekuwa haki yake. Aliinuka tu, akafunika zile sahani tano tupu, moja moja, kama zina chakula. Kisha akachukua simu, akabonyeza namba za Milano, akaniwekea mkononi.

"Akipokea mwambie wewe. Mimi alinikataza."

Ikaita mpaka ikakatika.

"Yuko kazini," nikasema.

"Najua. Piga tena."

Nikapiga tena. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda juu ya nyama, na yeye amekaa ameniangalia mdomoni, anangoja niseme haloo.