Siku Tuliyofuata Majani Mekundu

Gari la Baba lilinukia kaimati. Mama alizikaanga mara baada ya daku, akazimwagia shira yenye hiliki, akazifunga ndani ya hotipoti na kuiweka miguuni mwangu, na kila Baba alipokata kona kifuniko kilisogea kidogo na ile harufu ikapanda moja kwa moja puani. Hiyo ilikuwa futari yetu, pamoja na tende, sambusa na chupa mbili za chai. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na ilikuwa Ramadhani yangu ya pili kufunga mwezi mzima. Mdogo wangu Nassor, ambaye hakuwa na deni la saumu wala haya, alikaa kando yangu akitafuna krispi zake moja moja ili nizisikie vizuri. Tulikuwa tumeondoka Barking asubuhi, na Mama, aliyekaa nyuma nasi, alishika ratiba ya msikiti mkononi. Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma usiku uliopita, kwa hiyo magharibi siku hiyo ingeingia saa kumi na nusu na dakika chache.

Safari yenyewe ilikuwa ya Shangazi Zuwena, dada mkubwa wa Baba. Alikuja kututembelea kutoka Unguja kwa miezi mitatu, na Jumanne angepanda ndege kurudi. Miaka ya nyuma Baba alimpelekea kalenda ya Uingereza, na picha ya mwezi wa Oktoba ilikuwa mti mwekundu kuanzia chini hadi juu. Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki ukutani kwa ajili ya picha ile. Majirani walimwambia huo ni ujanja wa wapiga picha, na Shangazi si mtu wa kushindwa na majirani. Alitaka kuuona mti huo kwa macho yake. Mwingereza mmoja aliyefanya kazi na Baba kwenye ghala la mikate alimwandikia sehemu tatu nzuri za kutazama majani: msitu wa Epping, Richmond Park, na bustani moja kubwa kule Surrey. Mtu mwingine angechagua moja. Baba, kwa kuwa dada yake alikuwa akimtazama, aliamua kuzimaliza zote tatu kwa siku moja, akiwa na saumu.

Na Baba hakutakiwa kufunga. Hilo katika gari lile tulilijua watu wawili tu, yeye na mimi. Alikuwa na sukari, na kwa kuwa Kiingereza cha hospitali kilimshinda na Mama alikuwa na zamu zake za kulea wazee, mimi ndiye niliyekwenda naye kwa dokta kumtafsiria. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, dokta alituambia taratibu, akinitazama mimi, kwamba kwa dawa anazomeza Baba, akikaa na njaa kutwa sukari inaweza kushuka ghafla. Atatetemeka, atatoka jasho, atasema maneno yasiyoeleweka, anaweza hata kuzimia. Asifunge, na asithubutu kuendesha gari akiwa na njaa. Nilitafsiri kila neno, na nilijivuna sana kwa kutokosea. Kwenye basi la kurudi nyumbani Baba akaniambia, "Mwanangu, haya ya leo yabakie baina yetu. Mama yako ana mambo mengi." Nikamwambia asiye na afya anaruhusiwa kula na kutoa fidya, kulisha maskini badala yake, tumefundishwa chuo cha Kurani. Akacheka. "Fidya ni ya vikongwe. Dada yangu yuko nyumbani, mimi nile mchana mbele yake?" Jioni ile Mama alimuuliza dokta kasemaje, Baba akajibu hakuna tabu. Mama akanigeukia mimi jikoni. "Kweli, Salma?" Nikatikisa kichwa kukubali. Sikulazimishwa na mtu. Nilipenda kuwa na siri na baba yangu, na sikuwa nayo nyingine.

Epping palikuwa na rangi ya dhahabu na kahawia, majani yamejaa chini mpaka viatu havionekani, na baridi yenye harufu ya uyoga. Mimi niliona pazuri. Shangazi alizunguka na mabuibui yake mawili na koti la Mama juu yake, akasifu kwa adabu, kisha akasema, "Lakini haya ya manjano, Hamadi. Mimi nataka mekundu." Baba akacheka, akasema mekundu yako mbele. Richmond tulikuta kulungu, na Nassor akawakimbiza mpaka mzee mmoja wa Kizungu akamkemea, lakini majani mekundu yalikuwa machache na upande ule wenye miti yenyewe ulikuwa mbali na maegesho. Ilikuwa imeshapita saa nane. Mama akasema, "Baba Salma, inatosha, turudi tukafuturu nyumbani." Baba akajibu kwamba hajatoka Barking kuja kutazama mbuzi wenye pembe. Alisema kwa ukali usio wake, na hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya dokta.

Kutoka pale nilisahau majani, nikawa namtazama Baba tu. Alishusha kioo ilhali sisi wengine tulikuwa tukitetemeka, na shingo yake ilikuwa na jasho. Alimuuliza Shangazi ndege yake inaondoka saa ngapi. Akajibiwa. Baada ya dakika chache akamuuliza tena, kwa maneno yale yale, na Shangazi akamtania kwamba anamfukuza. Kwenye barabara kuu alipita njia yetu ya kutokea bila kuiona, tukaenda mpaka ya mbele tukageuza. Niliwaza: nikisema, nitamvunjia heshima mbele ya dada yake, na Mama atajua nilimdanganya. Nisiposema, je? Nikahesabu dakika zilizobaki mpaka magharibi, nikajiambia atafika. Bado nusu saa. Bado dakika ishirini na tano.

Tuliingia kwenye kijia chembamba cha Surrey chenye miti pande zote, na mara ikatokea. Mekundu! Mti baada ya mti, mekundu ya kweli. Shangazi akapiga kigelegele. "Haya, haya! Waje sasa waniite muongo!" Gari likaanza kwenda upande wa kushoto, polepole, tairi zikapanda majani yaliyolowa ya ukingoni na kuteleza, na Baba hakugeuza usukani. Alikuwa akitabasamu bila kumtazama mtu.

"Mama, dokta alimkataza!" nikapiga kelele. "Alimkataza kufunga! Nilikudanganya!"

Baba alishtuka, akarudisha gari barabarani kwa nguvu, tukatupwa upande. "Simamisha gari," alisema Mama. "Bado robo saa tu," alisema Baba, ulimi ukiwa mzito. Shangazi ndiye aliyemshika mkono. "Hamadi, mimi ndiye niliyekuzidi umri. Simama."

Akasimama. Shangazi akanipokonya hotipoti, akachukua kaimati kwa vidole vyake, akamtia mdogo wake mdomoni, moja, kisha nyingine, shira ikimtiririka kidevuni, na Baba akazila huku akinitazama mimi kwenye kioo. Baada ya robo saa Mama akatangaza magharibi imeingia. Majani mekundu yaliangukia juu ya boneti, na hakuna aliyeyatazama.

Baba hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Ila miadi iliyofuata ya dokta alikwenda peke yake, akaomba mkalimani wa simu, na hakunichukua tena. Sasa ameshapita sabini, na kila Ramadhani hutoa fidya na kunywa chai yake mchana bila kujificha. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa jicho, na nilizipata habari kwa jirani yake, wiki moja baadaye. Nikaenda mbio, nikamuuliza kwa nini hakuniambia, mimi binti yake, ninayeishi vituo vinne tu kutoka kwake. Alikuwa akimenya chungwa. "Wewe huambiwi siri," akasema, bila hasira, kisha akanipa nusu ya chungwa. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Nikaketi nikalila nikimtazama anavyotafuna.