Kabati Lililohubiri Kila Jumatano

Siku Mama Masomo alipoingia dukani kwa mara ya kwanza, muuza fanicha kuukuu alimpima kwa jicho moja akaona mteja rahisi. Mtu anayesimama mbele ya kiti chenye mguu uliolegea na kusema kwamba ndivyo anavyoyumba mwenye imani haba, mtu huyo hakagui viungo. Akampeleka moja kwa moja kwenye kabati la milango miwili lililomkalia dukani kama mgeni asiyejua kuaga. Bungua, wale wadudu wanaotafuna mbao toka ndani, walikuwa wamemaliza karibu mgongo wote. Yeye aliziba matundu kwa gundi na unga wa mbao, akapiga rangi mara mbili, akaliegemeza ukutani.

Mama alibishana bei kwa adabu, akalisifu linavyong'aa, akaondoka nalo juu ya mkokoteni. Jioni muuza fanicha alimwambia mkewe kwamba Mungu akimletea wacha Mungu wa aina ile kila wiki, atazeeka vizuri.

Jina la Mama Masomo alipewa na majirani, na si kwa ubaya sana. Alikuwa mjane, mstaafu wa kufua mashuka hospitalini, na kila Jumatano aliongoza ibada ya kina mama katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mafunzo yake aliyaokota njiani: bomba lililopasuka, mboga iliyotiwa chumvi mara mbili, kuku aliyerudi nyumbani mwenyewe. Somo likishamnasa, hakujali ni mali ya nani. Mwanamke aliyegombana na wifi yake Jumatatu alijisikia Jumatano akiwa mfano wa ulimi usio na breki. Jina halikutajwa. Rangi ya gauni ilitajwa.

Basi unga wa mbao ulipoanza kumwagikia nguo zake, mwingine angerudi dukani amefunga kibwebwe. Yeye alishukuru. Jumatano hiyo aliwaeleza kina mama habari ya moyo unaong'aa nje huku unaliwa ndani, akawasimulia kisa chote cha kabati. Muuzaji hakumtaja. Alisema tu ni duka la pale kona, lenye mlango wa bluu.

Wiki iliyofuata bungua walitoboa rafu, likawa somo la dhambi ndogondogo. Kisha bawaba iling'oka, ikawa zamu ya ndoa. Kina mama wakaanza kuwahi viti vya mbele. Dukani nako watu walikuja, wakapindua meza miguu juu, wakagonga, wakanusa, wakaenda zao. Mmoja alikwangua stuli kwa ukucha huku akimtazama mwenye duka usoni.

Muuza fanicha akaona wazi kwamba kabati moja linamuua. Akachagua jingine, la mbao ngumu, zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akalisindikiza mwenyewe hadi mlangoni kwa Mama.

"Mama, nimekuletea zima. Huongezi hata senti. Lile bovu nipe nikalichome."

Mama aliligonga ubavuni, akafungua milango, akachungulia mgongoni. "Zima kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa hili nitawaambia nini kina mama?"

Muuza fanicha alishabishana na matapeli, mawakili na mashemeji, lakini mtu anayeng'ang'ania kibovu na kukataa kizima hakuwahi kumwona. Akaongeza stuli. Mama akatikisa kichwa: kabati lile bado lilikuwa na Jumatano nyingi ndani yake. Muuza fanicha akatishia kwenda kumshtaki kwa mchungaji. Mama akamjibu kwa upole kwamba mchungaji ameshaliomba kabati hilo kwa mahubiri ya Jumapili.

Hapo muuza fanicha akasalimu amri. Akamuuliza Mama anataka nini.

"Mwanangu, bei yangu ni moja. Njoo Jumatano useme mwenyewe ulichofanya. Ukishasema, mimi sina la kuongeza."

Akaomba punguzo. Aseme kwa Mama peke yake? Hapana. Mbele ya wazee wa kanisa? Hapana. Basi aseme amekaa?

"Umesimama," alisema Mama.

Jumatano alisimama mbele ya kina mama. Alisema aliyaona matundu, akayaziba, akapaka rangi, na alijua anachofanya. Baadhi ya kina mama walifuta machozi, Mama Masomo akiwa wa kwanza. Kisha mazoea ya biashara yakampanda muuza fanicha kichwani kabla hajayazuia. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile migongo ya fanicha zake haitapakwa rangi, na mwenye shaka aje na kisu akwangue. Sauti kutoka nyuma ikauliza kama ana kitanda cha futi tano, na kama anapeleka hadi nyumbani.

Duka likajaa. Lakini kila anayeingia hugeuza kitu kwanza ndipo asalimie, na siku hizi kibovu muuza fanicha hukitengeneza kweli au hukiacha kwa aliyekileta, na faida imekonda. Mkewe alimuuliza kama ndiyo ameokoka. Alisema hajui, anachojua ni kwamba akishika brashi, mkono unasita.

Lile bovu lilichomwa, Mama Masomo akabaki na kabati zima. Jumatano iliyofuata alisimama, akasema kabati zima ni kama... akatafuta, akakosa. Nguo zilikaa humo zimekunjwa, milango ilifungika. Akaomba pambio, wakaimba hadi muda wa ibada ukaisha, na viti vya mbele, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, vilikuwa na nafasi.