Yai Lililosimama Kaburini

Safu ya saba ina pengo sasa. Kushoto mwa shimo amelala askari asiyejulikana jina, kulia vilevile, na wauza maua wa lango la makaburi ya vita mjini Vinh hawamwiti tena Khuyên anapopita. Hawajui wamwambie nini.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuja kila mwezi mpevu, asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake cha uji wa mikunga, samaki warefu kama nyoka. Kaka yake Thược alikwenda vitani akiwa na miaka kumi na tisa, ikarudi karatasi ya kusema amekufa. Mama yao alikufa na neno moja mdomoni: "Mtafute." Mpiga ramli ndiye aliyemfikisha safu ya saba. Alichomeka kijiti cha kulia wali juu ya kaburi, akaweka yai nchani. Kwa mtu baki, yai huanguka. Kwa ndugu, husimama. Lilisimama. Khuyên alilia mpaka sauti ikamkauka.

Kilichobaki kumuuma ni jiwe tupu. Alitaka jina lichongwe, na ofisi ikasema hapana jina bila kupima mifupa na damu ya ndugu.

"Si uache tu, dada?" alisema Mzee Lựu, mlinzi wa makaburi. "Maiti hasomi jiwe."

"Wewe ungekubali kulala bila jina?"

"Langu mke wangu kalichakaza kwa kuliita. Nikifa, mniache nipumzike."

Khuyên akacheka, akaenda kutoa damu.

Majibu yalichukua mwaka. Mifupa haikuwa ya Thược. Ililingana na damu ya watu wengine, wa mkoa wa Hưng Yên, waliokuwa nao wakimtafuta ndugu yao.

Walifika tisa, na kitambaa chekundu na jeneza dogo la udongo. Khuyên alisimama kando na bakuli la uji alilokuja nalo kwa mazoea. Bibi mmoja, dada wa marehemu, akamshika mkono.

"Wewe ndiye uliyetutunzia mtu wetu?"

"Mlikuwa wapi miaka yote hii?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Tulikuwa tunatunza kaburi jingine, mwenzangu. Kule Quảng Trị. Na sisi yai lilisimama."

Khuyên akamgeukia. "Na huyo wa huko... alipimwa?"

"Alipimwa. Damu yako nayo wameilinganisha. Si wako."

Mifupa ilitolewa mmoja mmoja, ikafutwa, ikafungwa. Khuyên alikuwa ameisimulia mambo yote: harusi yake, kifo cha mumewe, bei ya mikunga. Alitaka kuomba aguse hata mmoja. Hakujua angeomba kama nani. Mzee Lựu akamchukulia bakuli, akaliweka ukingoni mwa shimo, na gari likaondoka.

Mifupa ile iko Hưng Yên, kando ya shamba la mpunga, chini ya jiwe lenye jina la Phùng Văn Điềm. Thược hajulikani alipo.